Nani Aliilipia Picha? Picha za Mnato katika Maisha ya Kila Siku ya Mji wa Zanzibar, 1860–2005

Utangulizi

Katika maandishi mengi ya historia ya Zanzibar, picha za mnato zimetumika kama mapambo. Kitabu kinachoeleza utawala wa Seyyid Barghash huwekewa sura ya Seyyid Barghash, na sehemu inayojadili uchumi wa karafuu huwekewa picha ya watu wakianika karafuu juani. Picha huletwa pale ili kuthibitisha jambo ambalo maandishi yamekwisha kulisema. Ni mara chache picha yenyewe kuulizwa maswali ambayo mwanahistoria huiuliza barua, hati ya mahakama au daftari la forodha: nani aliiagiza, nani aliigharamia, ilikabidhiwa kwa nani, na kwa nini ilitunzwa.

Insha hii inajadili umuhimu wa picha katika maisha ya kila siku ya wakazi wa mji wa Zanzibar tangu miaka ya 1860, kamera ilipoanza kuzoeleka mjini, hadi mwaka 2005, picha ilipofanywa sehemu ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi. Hoja inayotetewa ni kwamba umuhimu wa picha hauwezi kupimwa kwa kutazama kinachoonekana ndani yake peke yake. Hupimwa pia kwa kumjua aliyeilipia na aliyekuwa na mamlaka ya kumtaja kwa jina mtu aliyemo. Kwa kigezo hicho, picha za Zanzibar zinagawanyika katika mafungu matatu: picha iliyotengenezwa na mfanyabiashara ili iuzwe kwa wageni, picha iliyoagizwa na mwenye sura yake, na picha iliyodaiwa na dola. Fungu la kwanza na la tatu yamehifadhiwa vizuri katika makusanyo na nyaraka. Fungu la pili, ambalo ndilo lililobeba maisha ya watu, limebaki makashani na kabatini, na linapotea mwaka hadi mwaka.

Kamera Kabla ya Wateja wa Mjini

Mbinu ya Louis Daguerre ya kunasa sura kwa mwanga iliwekwa hadharani mjini Paris mwezi Agosti 1839. Haikuchukua muda mrefu kufika katika Bahari ya Hindi. Msafara wa nahodha Mfaransa Charles Guillain, uliozuru pwani ya Afrika Mashariki kati ya 1846 na 1848, ulitumia mbinu hiyo. Picha ya Daguerre ilikuwa bamba moja la shaba lililopakwa fedha, nayo haikuwa na negativu wala nakala. Kwa hiyo bamba lilipopakiwa merikebuni, sura ya mtu wa pwani iliondoka pamoja nalo, na huku nyuma hakikubaki kitu.

Mwaka 1860 James Augustus Grant, aliyefika Zanzibar pamoja na John Hanning Speke wakielekea bara kutafuta chanzo cha Mto Nile, alipiga picha mjini. John Kirk, aliyekuja Zanzibar mwaka 1866 akiwa tabibu na baadaye akawa balozi wa Uingereza, naye alikuwa mpiga picha wa kujifurahisha. Wakati huo mbinu ilikuwa imebadilika. Kioo kilipakwa kolodioni, kikatiwa katika maji yenye chumvi za fedha, kisha kikatumika na kusafishwa kabla hakijakauka. Kazi hiyo ilihitaji maji safi, giza na kemikali za kuagizwa kutoka ng’ambo. Katika joto la Zanzibar, kioo kilichocheleweshwa kidogo kiliharibika. Gharama na taabu hizo zinaeleza kwa nini katika miaka ya mwanzo anayepiga picha alikuwa mgeni, na mwenyeji alikuwa kitu cha kupigwa picha.

Hata ndani ya ukoo wa watawala, kamera ilikutwa kwanza ugenini. Mwaka 1875 Seyyid Barghash alizuru Uingereza, na huko akapigwa picha pamoja na wafuasi wake. Picha hizo zilimwonyesha kama mkuu wa dola inayojitegemea, katika miaka ambayo shinikizo la Waingereza juu ya dola hiyo lilikuwa likizidi. Dada yake, Sayyida Salme, aliyeondoka Zanzibar mwaka 1866 na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani, alipigwa picha mjini Hamburg akiwa amevaa mavazi ya binti wa kifalme wa Zanzibar. Katika maisha yake ya kila siku ya Ujerumani hakuwa akivaa hivyo tena. Tangu mwanzo, basi, picha haikuwa kioo cha maisha ya kila siku. Ilikuwa mahali pa kusema jambo ambalo maisha ya kila siku hayakumpa mtu nafasi ya kulisema.

Studio Moja, Milango Miwili

Mabadiliko makubwa yalikuja pale wapiga picha walipohamia mjini na kufungua maduka. Wengi wa wale wa mwanzo walitoka Goa, koloni la Wareno katika pwani ya magharibi ya Bara Hindi. Majina ya A. C. Gomes, Pereira de Lord na Coutinho yanaonekana hadi leo chini au nyuma ya picha za Zanzibar za miongo ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo ya karne ya 20. Vioo vikavu vilivyotengenezwa viwandani vilikuwa vimeondoa haja ya kupaka kemikali papo hapo, na studio ikaweza kuwa biashara ya kudumu kama duka la cherahani au la sonara.

Studio hizo zilikuwa na soko la aina mbili. La kwanza lilikuwa la abiria wa meli, maofisa na wafanyabiashara wa Ulaya waliotaka kumbukumbu ya safari. Kwao ziliuzwa picha za majumba, bandari, mashamba ya karafuu na, hasa baada ya 1900, kadi za posta. Katika kadi hizi mtu alipewa maelezo ya kabila, jinsia au kazi yake: mwanamke wa Kiswahili, mchukuzi, muuza maji. Jina lake halikuandikwa. Kutotajwa huko hakukuwa usahaulifu wa mpiga chapa. Kadi iliyobeba jina la mtu mmoja ingekuwa kumbukumbu ya mtu huyo, ilhali mnunuzi alitaka mfano wa watu wote wa aina yake. Jina lingeharibu bidhaa.

Soko la pili lilikuwa la wenyeji wenyewe. Mteja aliingia studio ileile, pengine akasimama mbele ya pazia lilelile lililochorwa nguzo na bustani, na mpiga picha yuleyule akatumia kamera ileile. Tofauti ilikuwa kwamba mteja huyu alikuja kwa hiari, alichagua nguo zake, alilipa, na akaondoka na picha yake. Mtazamaji wa leo akiweka picha mbili za namna hii pamoja anaweza kushindwa kuzitofautisha kwa macho. Kinachozitenganisha ni njia zilizopita baada ya kutoka chumba cha giza. Moja ilibandikwa stempu ikapelekwa London au Hamburg. Nyingine ilifungwa kwenye kitambaa ikapelekwa nyumbani Malindi, Vuga au Ng’ambo.

Lugha ya Kiswahili imeihifadhi tofauti hii kwa namna yake. Katika mazungumzo ya kawaida, mtu aliyekwenda studio husema, “Nimepiga picha,” ingawa aliyebonyeza kamera ni mwingine. Kitenzi kinamtambua mteja kuwa ndiye mtenda. Husemwa “amepigwa picha” pale mtu aliponaswa bila kutaka, au pale mamlaka ya kumpiga ilipokuwa mikononi mwa wengine. Msemaji anayechagua kati ya kauli hizi mbili anatoa hukumu kuhusu nani alikuwa mwenye picha, bila hata kukusudia kufanya hivyo.

Mavazi na Hadhi Baada ya 1897

Ili kuelewa kwa nini watu wa kawaida walikubali kutoa fedha yao kwa ajili ya karatasi moja, ni lazima kuikumbuka hali ya jamii ya Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19. Amri ya Aprili 1897 iliondoa hadhi ya utumwa kisheria. Sehemu kubwa ya wakazi wa Unguja na Pemba walikuwa watumwa au watoto wa watumwa, na katika miongo iliyofuata walijitafutia nafasi mpya mjini, hasa upande wa Ng’ambo. Laura Fair, katika utafiti wake wa mwaka 2001 kuhusu utamaduni wa mjini Zanzibar, ameonyesha kwamba mavazi yalikuwa uwanja mkuu wa madai hayo. Zama za utumwa, kufunika kichwa na kuvaa viatu kulikuwa alama za uungwana ambazo mtumwa alikatazwa. Baada ya 1897, kanga, na baadaye buibui, pamoja na kanzu na kofia, yalikuwa mavazi ya watu waliokataa kutambuliwa kwa jina la mabwana wao wa zamani.

Vazi, hata hivyo, huonekana na wale tu waliopo siku hiyo, tena huchakaa. Picha iliibakiza siku ya vazi. Mwanamke aliyepiga picha akiwa na doti mpya ya kanga na viatu miguuni alikuwa na ushahidi ambao haukutegemea kauli ya mtu mwingine. Katika jamii ambayo maandishi rasmi yaliwataja watu wa tabaka lake kwa hesabu tu, na mara nyingi chini ya jina la mmiliki, karatasi hiyo ilikuwa miongoni mwa hati chache ambazo yeye mwenyewe aliamua ziseme nini.

Ndiyo maana haifai kuzikosoa picha za studio kwa kusema kwamba zilidanganya. Ni kweli kwamba studio nyingi za Afrika Mashariki ziliweka koti, tai, saa au miwani kwa ajili ya mteja asiyekuwa navyo. Ni kweli pia kwamba mpiga picha aliweza kuondoa kovu kwa ncha ya penseli juu ya negativu, na kutia rangi mashavuni kwa brashi. Omar Said Bakor wa Lamu (1932–1993) alifika mbali zaidi, akiunganisha picha kadhaa katika moja ili mteja aonekane mahali ambapo hangeweza kukaa. Mteja aliyelipia picha hizo hakudanganywa. Alijua koti si lake, na jamaa zake walijua. Walichokubaliana ni kwamba katika picha mtu ana haki ya kuonekana jinsi anavyotaka kukumbukwa. Mwanahistoria anayetafuta ndani ya picha hizo mali aliyokuwa nayo mtu atapotoka. Anayetafuta matarajio yake atayapata wazi.

Picha Nyumbani: Kutunza, Kuficha na Kutuma

Biashara hiyo iliendelea kukua katika karne ya 20. Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 katika Mji Mkongwe, ilipiga picha za shughuli za kasri, za harusi, za wanafunzi na za familia kwa miongo mingi, na mwanawe akaiendeleza. Matumizi ya picha nyumbani, hata hivyo, hayakuamuliwa na studio. Yaliamuliwa na kanuni za stara, dini na udugu.

Suala la dini lilikuwa zito. Neno la zamani la Kiswahili lililotumika kwa picha lilikuwa sanamu, neno lililobeba pia maana ya kinyago cha kuabudiwa, na wapo wanazuoni walioona kwamba makatazo ya Hadithi kuhusu watengenezaji wa sanamu yanahusu pia picha za kamera. Wengine walikuwa na rai tofauti. Muhammad Bakhit al-Muti’i, aliyekuwa Mufti wa Misri na aliyefariki mwaka 1935, aliandika kwamba kamera haiumbi kitu, bali inazuia kivuli kama kinavyoonekana kwenye kioo cha kujitazamia. Kwa mji wa Waislamu uliofuata kwa karibu mijadala ya Cairo, rai zote mbili zilikuwa na wasikilizaji. Familia nyingi zilipata njia ya kati: picha inapigwa, lakini haitundikwi ukutani mahali pa kusalia wala pa kupokelea wageni.

Kwa wanawake kanuni ilikuwa kali zaidi. Sura ambayo mtaani ilifunikwa kwa buibui haikuweza kuachwa wazi kwenye karatasi inayopita mikononi mwa watu wasiojulikana. Heike Behrend, katika kitabu chake cha mwaka 2013 kuhusu upigaji picha katika pwani ya Afrika Mashariki, ameeleza hofu kwamba picha ya mtu ikishikwa na mwenye nia mbaya inaweza kutumiwa kumdhalilisha au kumfanyia uchawi. Kwa hiyo picha ya mwanamke ilikuwa amana. Aliyekabidhiwa alikuwa mama, shoga, dada au mume, na kupewa picha hiyo kulikuwa kukiri kwamba mpokeaji ni mtu wa ndani. Wakati wa posa, picha iliyopelekwa kwa upande wa mwanamume ilitazamwa na kurudishwa. Kutorudishwa kwake kungekuwa kosa la heshima.

Upande wa nyuma wa picha una habari nyingi kuliko unavyodhaniwa. Huko huandikwa kwa hati za Kiarabu au za Kirumi jina, tarehe, mahali, uhusiano na neno ukumbusho. Maandishi hayo huonyesha kwamba picha haikukusudiwa kubaki kwa mwenyewe. Ilitumwa kwa baharia aliyeko Bombay, kwa ndugu aliyekwenda kusoma Makerere, kwa shangazi aliyeolewa Mombasa. Barua ilisema kwamba mtoto amekua, picha ikaonyesha amekua kiasi gani. Watu waliotenganishwa na bahari walitimiza wajibu wa udugu kwa kupeana sura, kama walivyoutimiza kwa kupeana salamu.

Kutengana kukawa jambo la watu wengi baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Maelfu ya wakazi waliondoka kwenda Bara, Kenya, Uingereza na nchi za Ghuba, na baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970, wengi walikaa Oman. Katika misafara ya namna hiyo samani hubaki na albamu huchukuliwa, au albamu hugawanywa kati ya waliokwenda na waliobaki. Hapo ndipo picha zilipobeba kazi ambayo hazikuwahi kupewa: kuthibitisha ukoo kwa watoto waliozaliwa mbali, wasiowahi kuiona nyumba ya babu zao.

Wakati huohuo picha ziliweza kuwa mzigo. Katika Zama za Siasa, kuanzia uchaguzi wa 1957 hadi 1964, kupiga picha katika mkusanyiko wa chama ilikuwa fahari. Picha iliyompa mtu heshima mwaka 1961 ingeweza kusomwa kama ushahidi dhidi yake mwaka 1965, bila hata alama moja ndani yake kubadilika. Kilichobadilika ni nani aliyekuwa na uwezo wa kuitafsiri. Pengo katika albamu la miaka hiyo lina maana kwa mwanahistoria kama zilivyo picha zilizobaki.

Picha ya Dola

Fungu la tatu lilizaliwa nje ya Zanzibar. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia serikali za Ulaya zilianza kudai picha katika pasipoti, na Uingereza ilifanya hivyo kuanzia 1915. Katika makoloni, si kila mtu aliyetakiwa kutambuliwa kwa sura. Nchini Kenya, kipande kilichotumika tangu takriban mwaka 1920 kuwadhibiti wanaume Waafrika kilikuwa na alama za vidole, nacho kilivaliwa shingoni ndani ya kikasha cha chuma. Tofauti hiyo haikuwa ya kiufundi tu. Alama ya kidole humtambulisha mtu kwa ofisa mwenye daftari, lakini haimwonyeshi kwa jirani yake. Sura humtambulisha kwa wote. Msafiri mwenye pasipoti alitazamwa usoni, naye mfanyakazi mwenye kipande alihesabiwa.

Picha ya dola ilikuja na masharti yake: uso mbele, macho wazi, bila kofia ya kuficha paji, bila pazia lenye bustani. Kila kitu ambacho mteja wa studio alikuwa akikichagua sasa kilichaguliwa na ofisi. Kwa wanawake waliotaka pasipoti ili kwenda kuhiji, sharti hilo liligongana moja kwa moja na kanuni za stara, na ibada yenyewe ikawa sababu ya kupiga picha ambayo pengine isingepigwa.

Katika miaka ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980, upungufu wa fedha za kigeni ulifanya bidhaa za kuagizwa kuwa adimu nchini Tanzania, zikiwamo filamu na karatasi za picha. Mahitaji ya ofisi, shule na usafiri hayakupungua, na picha ndogo ya pasipoti ikawa riziki ya kutegemewa ya studio. Umuhimu wake wa kisiasa ulidhihirika zaidi baada ya 2005, Zanzibar ilipoanzisha kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi chenye picha, na kitambulisho hicho kilipokuwa sharti la kuandikishwa katika daftari la wapigakura la Zanzibar. Hata hivyo, sura peke yake haikutosha. Mwombaji alihitaji uthibitisho wa sheha kwamba ni mkaazi wa eneo lake. Picha ilionyesha kwamba aliyesimama ndiye huyu. Kusema huyu ni nani kulibaki mikononi mwa mtu mwenye mamlaka.

Mpaka kati ya picha ya dola na picha ya nyumbani, hata hivyo, haukuwa ukuta. Picha za pasipoti hutolewa kwa nakala kadhaa, na ofisi huchukua mbili au tatu. Nakala zilizobaki huingia mifukoni, kwenye pochi za wachumba na katika kurasa za albamu. Watu wengi waliofariki hawakuacha picha nyingine, hivyo jamaa zao hupeleka nakala hiyo studio ikakuzwe. Uso uliopigwa kwa ajili ya ofisa aliyetaka kumtambua mtu hugeuka kuwa uso ambao watoto humkumbukia mama yao. Mifano ya namna hii inathibitisha kwamba mwenye picha anaweza kubadilika, na kwamba historia ya picha moja haiishii siku iliyopigwa.

Kinachohifadhiwa na Kinachopotea

Mafungu haya matatu hayakupata bahati moja. Kadi za posta na picha za wasafiri zilikusanywa Ulaya na Marekani. Mkusanyo wa Humphrey Winterton, uliopo Chuo Kikuu cha Northwestern, una maelfu ya picha za Afrika Mashariki za kati ya takriban 1860 na 1960. Picha rasmi zipo pia katika Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani. Picha za nyumbani hazina mlinzi isipokuwa familia. Karatasi za zamani zilizopakwa ute wa yai hugeuka manjano na kufifia, unyevu wa masika huleta ukungu, na wadudu hula gundi ya albamu. Hasara kubwa zaidi si ya karatasi. Bibi anayejua majina ya waliomo anapofariki, picha ambayo nyuma yake haikuandikwa kitu hupoteza watu wake. Kwa mtazamaji asiyewajua, wanabaki mwanamke wa Kiswahili na mchukuzi. Kifo cha msimulizi huirudisha picha ya familia kwenye hali ya kadi ya posta.

Ujio wa simu zenye kamera umeongeza wingi wa picha bila kuondoa tatizo hilo. Picha ya simu haina upande wa nyuma wa kuandikia. Hutumwa kwa wengi kwa mara moja, na simu inapoharibika au kuibwa, miaka kadhaa ya maisha ya familia hupotea nayo.

Jibu linalopendekezwa mara kwa mara ni kuzikusanya picha za nyumbani, kuzinakili kidijitali na kuziweka mtandaoni. Pendekezo hilo ni zuri kwa nia, lakini linapuuza yale yaliyoelezwa hapo juu. Picha nyingi za wanawake zilipigwa kwa makubaliano kwamba zitatazamwa na watu maalumu. Kuziweka wazi kwa dunia nzima kwa jina la historia ni kuvunja amana, na ni kuwafanyia wajukuu kile ambacho muuza kadi za posta aliwafanyia bibi zao. Utaratibu unaofaa zaidi ni picha halisi kubaki nyumbani, nakala kufanywa kwa idhini ya familia, majina na uhusiano kuandikwa kutoka kinywani mwa wazee kabla ya jambo lolote lingine, na familia kuamua ni nani aruhusiwe kutazama. Mkusanyo wa namna hiyo utakuwa mdogo na utajengwa polepole, lakini watu waliomo watakuwa na majina.

Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba picha katika mji wa Zanzibar ilifanya kazi tofauti kulingana na aliyeilipia. Kwa mfanyabiashara ilikuwa bidhaa iliyouzika kwa kukosa jina. Kwa mteja wa studio ilikuwa madai ya hadhi, amana ya stara na kiungo cha udugu katika jamii iliyotawanyika. Kwa dola ilikuwa chombo cha kutambua na kuruhusu. Studio ileile iliweza kuzitoa zote tatu, na uso uleule uliweza kuhama kutoka fungu moja kwenda jingine. Kwa sababu hiyo, kutegemea tu picha zilizomo katika makusanyo makubwa ni kuiandika historia ya Zanzibar kwa macho ya mnunuzi na ya ofisa. Historia ya wale waliosema “nimepiga picha” ingali inaweza kuandikwa, ikiwa itaandikwa wakati wanaozijua sura hizo bado wapo wa kuulizwa.